Orodha ya Mboga Katika Koti Namba 48

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha mbele ya kioo cha zahanati, mdomo umevimba kama nimeumwa na nyuki watatu waliopeana zamu.

Kwa anayeingia leo, nafupisha. Mimi ni mpiga pasi katika duka la dobi. Nina mchumba, fundi kufuli, mpole kama maji ya mtungini. Nina mama mkwe mtarajiwa ambaye sokoni anaitwa Malkia wa Nyanya, kwa kuwa ndiye wa kwanza kufungua meza na wa mwisho kufunga.

Na nina mwili ambao, daktari kagundua, haupatani na nyanya.

"Kuna kitu kinaitwa histamini," daktari aliniambia siku ile. "Kimo kwenye baadhi ya vyakula, na mwili wako unashindwa kukiondoa upesi. Kinajaa, kinajaa, kinamwagika. Hivyo vipele ndiyo kumwagika kwenyewe."

"Kama pipa, daktari?"

"Kama pipa. Tujaribu wiki nne tusilijaze."

Nisile nyanya, biringanya, spinachi, parachichi, wala kitu chochote kilichochachuka. Nile boga, karoti, tango, kabichi, letasi, mamung'unya. Na kubwa kuliko yote, chakula kiliwe kikitoka motoni. Kiporo marufuku, maana kadiri chakula kinavyolala ndivyo hiyo histamini inavyoamka.

Ningemwambia mchumba wangu siku hiyohiyo, na mkasa huu ungeishia hapo. Lakini mama yake alishamrudisha kwao mchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu ya biringanya. Msicheke, ni kweli tupu. Binti wa watu aliacha vipande viwili pembeni mwa sahani, na kesho yake akapelekewa maneno: "Nyumba hii imejengwa kwa mboga. Aliyeidharau mboga kaidharau nyumba."

Na Jumapili ya wiki iliyofuata ndiyo Mama alikuwa apange siku ya harusi yetu.

Basi nikanyamaza. Naungama kwamba nilinyamaza kwa makusudi, na yote yaliyofuata ni watoto wa ule ukimya.

*

Shida ya kwanza ilikuwa kiporo.

Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nakula saa saba mchana. Boga nililopika alfajiri likifika saa saba limeshakuwa kiporo. Dukani hakuna jiko. Kuna nini dukani? Kuna pasi.

Pasi yetu ni ya mvuke. Nikakata boga vipande vyembamba kama kola, nikavifunga kwenye karatasi ya foili, nikavilaza mezani, nikafunika kitambaa kibichi juu yake na kupiga mvuke. Siku ya kwanza lilitoka gumu katikati. Siku ya pili nikakumbuka kwamba suruali ya sufu huigandamizi, unaibembeleza. Nikalibembeleza boga. Likaiva likawa laini kama hariri.

Meza ya jirani hukaa bibi mmoja tunamwita Bi Pini, kwa sababu tangu afike kazini mpaka aondoke ana pini nne katikati ya midomo, na bado anaongea kuliko sisi sote.

"We mtoto, unapiga pasi nini hiyo?"

"Kola, bibi."

"Kola yenye mbegu?"

Nikacheka mpaka nikajiunguza kidole.

"Mganga kakupa masharti?" akauliza.

"Daktari."

"Ni walewale, tofauti yao koti."

Nikamwapisha asiseme. Akaapa kwa pini zake.

Alhamisi ya wiki ile mteja mmoja alirudi na shati lake, kakunja uso. Tulijua tumekwisha.

"Shati langu linanukia boga," akasema.

Bosi akatuangalia. Mimi nikaangalia dari. Bi Pini akasema, "Ni sabuni mpya hiyo, baba."

Mteja akanusa tena, taratibu. "Basi haya mengine matatu myafue kwa hiyohiyo."

Ndivyo nilivyoishi. Karoti Jumatatu, mamung'unya Jumanne, kabichi iliyopigwa pasi mpaka ikanyooka kama shuka. Vipele vikakimbia. Midomo ikarudi kwao. Watu wakaniambia, "Uchumba umekukubali, ngozi inang'aa!" Nikawa naimba kazini. Nilijiona mjanja, na mtu akijiona mjanja huwa ameshaweka mguu kwenye ganda la ndizi.

*

Sasa mjue kuhusu ile karatasi.

Mwandiko wa daktari ulikuwa kama sisimizi walioanguka kwenye wino. Nikainakili orodha yake upya kwa mkono wangu, herufi kubwa, safi. "USILE" juu, "KULA" chini. Na mwishoni, kwa kuwa siku ile njaa ilikuwa inanisema vibaya, nikajiandikia mwenyewe neno la kunitia moyo:

*Vumilia, kipenzi changu. Wiki nne si nyingi.*

Nilijiandikia mimi. Mtu hawezi kujiita kipenzi?

Jumanne ya wiki ya pili nilikuwa nimeiweka mezani naisoma huku nanyoosha koti la kijivu. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mchumba wangu na sanduku lake la vifaa. Bosi alikuwa amemwita atengeneze kufuli la droo ya stoo, kule nyuma.

"Mambo, mpiga pasi wangu!"

Nikashtuka. Mkono ukafanya kazi kabla ya akili. Ukaichukua karatasi, ukaitumbukiza kwenye mfuko wa koti.

"Unaficha nini?"

"Nakagua mfuko."

Nikaenda kumshikia droo, tukacheka, tukachelewa. Niliporudi mezani, koti halipo.

Sasa, duka letu lina sheria mbili. Ya kwanza, sisi wa ndani hatujui majina ya wateja. Kila nguo ina kadi yenye namba, na anayeandika kadi hizo ni mimi. Majina yamo kwenye daftari la Bosi mbele. Ya pili ni ya Bi Pini: kila nguo hukaguliwa mifuko mara ya mwisho, na kinachopatikana humo kinatiwa kwenye bahasha na kubanwa kwa pini kwenye nguo, kisha kinarudi kwa mwenyewe. Miaka kumi na minane hajapoteza hata kifungo cha mtu.

"Bibi, lile koti la kijivu?"

"Limeondoka."

"Mfukoni hamkuwa na kitu?"

Akajivuna. "Kulikuwa na karatasi. Nimeitia kwenye bahasha, nimeipiga pini mbili. Kwangu mimi hakipotei kitu."

"Limechukuliwa na nani?"

"Mimi najua majina? Namba arobaini na nane. Mama mmoja mnene, ana sauti. Alikuwa na kikapu."

"Kikapu cha nini, bibi?"

Bi Pini akatoa pini moja mdomoni, jambo analolifanya kwenye misiba tu.

"Cha nyanya," akasema.

*

Lilikuwa koti la baba mkwe. Mzee yule nilishamwona mara mbili tu, zote akiwa na fulana. Ningelijuaje koti lake?

Nikajipa moyo. Orodha ya mboga tu. Nani atagombana na orodha ya mboga?

Alhamisi mchumba wangu akaja akiwa amesahau hata kunisalimia.

"Nyumbani kunawaka moto."

"Nini tena?"

"Baba ana mwanamke."

"Nani kasema?"

"Karatasi! Mama kaikuta kwenye koti lake. Mwanamke anamwandikia ale nini, asile nini. Anamkataza nyanya. Nyanya, unasikia? Nyanya za mama! Anamwambia asile kiporo, ale kinachotoka motoni. Maana yake si ndiyo anamwambia aende kula kwake?"

"Labda ni..."

"Ngoja. Mwisho wake kuna maneno. 'Vumilia, kipenzi changu, wiki nne si nyingi.' Wiki nne halafu nini? Mama anasema baada ya wiki nne baba anahama."

Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Wewe umeiona hiyo karatasi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Haiachii mkononi. Anatusomea tu, asubuhi na jioni. Jumapili uje hivyohivyo. Amesema siku ya harusi hataji mpaka mwanamke huyo ajulikane. Jina lake likitajwa, harusi. Lisipotajwa, hakuna harusi nyumba ile."

Akainama akanishika bega. "Usilie, mpenzi. Tutampata tu huyo mwanamke."

Bi Pini, kule mezani kwake, alikuwa ameanza kukohoa. Nilidhani amemeza pini.

*

Jumapili nilivaa gauni la mikono mirefu, la kuficha kitakachotokea. Nikaingia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo kuna chakula na kuna kesi. Tuanze na chakula. Kesi haipoi."

Tulikuwa wanne mezani: Mama, Baba, mchumba wangu na mimi. Katikati ya meza kulikuwa na bakuli la mchuzi wa nyanya mwekundu kama aibu yangu, sinia la biringanya, spinachi, na bakuli moja dogo ambalo Mama alilitambulisha mwenyewe: "Hii ya jana. Ikilala ndiyo inakolea."

Meza moja, maadui wangu wote. Kama walikuwa wameitana kwenye mkutano.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Shule niliiacha mapema lakini macho sikuyaacha. Niliona kitu: Mama alikuwa na gauni la mikono mirefu kama langu, limefungwa vifungo mpaka viganjani, na joto lile la mchana. Na sahani yake ilikuwa na tango na karoti za kuchemsha basi.

"Mama mbona huli?" mchumba wangu akauliza.

"Nimegoma. Siku ya tano leo. Mpaka nimjue huyo mwanamke, nyanya haipiti kooni mwangu. Nitakula tango kama mbuzi. Soko zima linajua nina hasira!"

Kisha akaiweka karatasi mezani. Karatasi yangu. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imelainika kama noti ya zamani.

"Baba watoto," akasema. "Wewe karani wa posta. Miaka ishirini na tisa unasoma miandiko ya watu. Soma huu."

Baba akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Mzee yule alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na ile siku shingo ilikuwa inafanya kazi ya ziada.

"Huu ni mwandiko wa mtu makini," akasema.

"Sikukuuliza tabia yake. Ni wa nani?"

"Herufi zimelala kidogo. Aliandika amesimama. Amefika shule ya msingi, akaishia hapo."

Nikaangalia sakafu.

"Mwanamke au mwanamume, mzee?" Mama akadakia.

"Mwenye njaa," Baba akasema.

Mchumba wangu akacheka, Mama akamtazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Vizuri," Mama akasema. "Miandiko imenyamaza, tupime kwa midomo. Hapa mezani kuna mtu anaijua hii karatasi. Mtu anayeijua ataogopa nyanya. Kuleni. Asiyemaliza sahani, huyo ana la kusema."

Baba hakungoja. Alikula kama mtu anayezima moto. Kijiko juu ya kijiko, mchuzi, biringanya, vyote, macho yakamtoka machozi, na katikati ya kutafuna akawa anasema, "Tamu! Tamu sana, mama watoto! Nani asiyependa nyanya?"

Mchumba wangu akala yake, maskini, bila wasiwasi wa dunia.

Wakabaki wananitazama mimi.

Nikapiga hesabu ya haraka. Nikila, nitavimba kabla sahani hazijaondolewa, na Mama atajua ana mkwe mgonjwa anayekimbia mboga zake. Nisipokula, mimi ndiye mwanamke wa baba mkwe wangu. Nipigwe huku au kule?

"Kuna nini, mwanangu?" Mama akasema. "Nyanya zimekufanyia nini?"

"Hakuna, Mama. Naziangalia zilivyo nzuri."

"Picha yake nitakupa. Kula."

Nikachota. Kijiko kikapanda. Niliiaga midomo yangu, juu na chini. Nikafumba macho, harufu ikanifikia puani, na nikaona harusi yangu nzima imesimama pale kwenye ncha ya kijiko, inayumba.

Mkono ukanidaka.

"Weka chini," Mama akasema taratibu. "Njoo chumbani. Peke yako."

"Mama, yeye anahusikaje?" mchumba wangu akanyanyuka.

"Kaa, fundi. Wewe tengeneza kufuli, mambo ya wanawake waachie wanawake."

*

Mlango wa chumba chao una kufuli alilolitengeneza mwanawe mwenyewe, la kuzungusha mara tatu. Mama akazungusha mara tatu, akatoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitambaa chake.

Nilianguka magotini kabla hajageuka.

"Mama, nisamehe. Karatasi ni..."

"Ni yako. Inuka, unachafua gauni."

Nikainuka.

Akatoa chini ya godoro kitu kidogo. Ilikuwa kadi ya dukani kwetu. *48. Koti la kijivu. Kola ikazwe.* Akaiweka kando ya orodha.

"Tazama hiyo K ya Koti. Ina mkia kama wa paka. Sasa tazama K ya Karoti."

Paka alikuwa mmoja.

"Siku ya kwanza nilikasirika kweli," akasema. "Nilivunja vikombe viwili. Siku ya pili nikaiona kadi, nikajua. Nikasema, huyu mtoto anaficha maradhi ili aolewe. Nikataka nikufuate palepale dukani nikuanike."

"Mbona hukuja, Mama?"

Alianza kufungua vifungo vya mkono wa gauni. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Akaukunja mkono mpaka juu ya kiwiko.

Nilivijua vile vipele. Vilikuwa ndugu zangu. Vimefifia, vimeanza kuondoka, lakini alama zilikuwepo, na mikwaruzo ya kucha juu yake.

"Miaka mitatu," Malkia wa Nyanya akasema. "Miaka mitatu najikuna kama mbwa wa jalalani. Nikila ninachouza, navimba. Umewahi kusikia muuza nyanya anayevimba kwa nyanya? Nani atanunua? Watasema zina sumu!"

"Mama..."

"Nikaisoma ile orodha yako. Nikasema, hebu nijaribu. Siku moja, siku mbili. Jana nililala usiku kucha bila kujikuna. Usiku kucha! Nimeamka nimekunja ngumi, sijui nifanye nini na kucha zangu."

"Kwa hiyo huko kugoma..."

"Nitakaaje mezani kwangu nisile nyanya, watu wasiulize? Mwenye hasira haulizwi. Nikiacha kupiga kelele, nitalazimika kula."

Tulitazamana. Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi, maana nilikumbuka Baba alivyokuwa anabugia ule mchuzi kwa machozi. Kicheko kikanitoka puani. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja, na mwenyewe akajiziba kwa mto, tukaanguka kitandani tukitetemeka kama watoto waliovunja mtungi.

"Tamu sana, mama watoto!" nikamwigiza.

"Nyamaza, utaniua!"

"Mwenye njaa!"

"Nyamaza, nasema!"

Tulipotulia, alinifuta machozi kwa pindo lake lenye ufunguo.

"Sasa sikiliza. Boga unalipikaje pale kazini kwenu, jiko hamna?"

"Nalipiga pasi, Mama."

Ikabidi tuchukue mto tena.

"Lakini Mama," nikasema baadaye, maana hili nilitaka alisikie vizuri, "daktari aliniangalia mimi. Orodha aliipima kwa mwili wangu. Wewe nawe uende akuone."

"Tutaenda pamoja. Tutasema nakusindikiza wewe." Akainuka, akaenda kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, akachukua kalamu. "Mkwe anayejua kufunga mdomo ni bora kuliko mkwe anayejua kuufungua mbele ya biringanya. Huko nje nitasema nimechoka, nimesamehe, hakuna mwanamke, yamekwisha. Wewe hujui, mimi sijui. Harusi mnataka Jumamosi ipi?"

"Ile ya mwisho wa mwezi ujao, Mama."

Akaweka ncha ya kalamu juu ya tarehe.

Mlango ukagongwa.

"Mama watoto." Ilikuwa sauti ya Baba, nyembamba, imelowa. "Mama watoto, fungua."

"Tunaongea!"

"Mwache huyo binti wa watu. Hana kosa. Umemfungia bure. Nimeshindwa kuvumilia, nakiri."

Mama akanitazama. Mimi nikamtazama yeye.

"Unakiri nini, mzee?"

"Karatasi. Mwandiko niliujua tangu mwanzo, niliogopa tu kusema." Tukamsikia akipenga kamasi. "Ni yule mama wa mgahawa nyuma ya posta. Miaka sita nakula kwake mchana. Boga, karoti, kabichi, moto moto. Hapiki nyanya hata moja. Ni chakula tu, mke wangu! Naapa, ni chakula tu! Lakini hilo la 'kipenzi' nami limenishangaza. Sikujua kama ana mawazo hayo. Tangu Jumanne sijalala."

Nyuma yake nikamsikia mchumba wangu: "Baba! Kumbe yupo?"

Kile kicheko chetu chote kilikuwa bado kwenye mto, kina joto.

Nilijua jambo moja, na Mama alilijua: mwandiko ule ulikuwa wangu. Mzee alikuwa amekiri kosa la mtu mwingine, na ndani yake akatoa la kwake. Nikisema karatasi ni yangu, vipele vyangu vinatoka nje, na vya Mama vinafuata. Nisiposema, mwanamke ambaye hajaandika hata herufi moja ameshaandikwa kwenye kesi.

"Mama," nikanong'ona, "niseme?"

Alikuwa anashusha mkono wa gauni lake. Kifungo. Kifungo. Kifungo.

"Miaka sita," akasema, si kwangu. "Mimi nakula nyanya navimba, ili yeye asione ninaziogopa. Na yeye anakula boga."

Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni, sauti ileile ya sokoni, na haikuwa na hasira hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba watoto! Huo mgahawa leo umefunguliwa?"

"Umefunguliwa," Baba akajibu, kama mtoto.

"Basi mpeleke fundi akamwite. Mwambie aje sasa hivi, nimemwekea sahani. Na aje na kalamu, aandike mbele yangu."

Nikageuka kwenye kalenda. Kalamu yetu ilikuwa bado mkononi mwake. Juu ya Jumamosi yangu alikuwa ameacha nukta moja tu ya wino, na duara halijachorwa.